SOMO LA KITABU: ROSA MISTIKA
Nani alimpoteza Rosa?



Kila trimestri tunaandika hapa somo moja juu ya kitabu. Mara nyingi ni kitabu cha Kifaransa, juu ya ndicho kinaulizwa katika egzamini ya Serikali. Mara hii tumechagua kitabu cha Kiswahili. Wengine walituuliza: « Kiswahili tunakisema tangu mgongoni kwa mama, tutajifunza nini ndani yake? » Tuliwajibu: njooni kwanza msikilize. Siku ya posho ya kwanza tulikuwa watu saba. Siku ya mwisho tulipita arobaini, na wengine walisimama inje karibu na dirisha.

Kitabu ni kimoja tu katika shule yetu nzima. Kilitoka Kigoma, kikavuka ziwa mpaka Kalemie, kikapanda treni hadi hapa Kindu ndani ya sanduku la mwalimu mmoja. Jalada limepotea na kurasa za kwanza zimeshonwa kwa uzi. Kwa hiyo hatukuweza kukigawa. Mmoja alisoma kwa sauti, wengine wakasikiliza, na mwisho wa kila sura tuliulizana. Kazi hii ilichukua siku za posho tisa.

1. MWANDISHI NA KITABU CHAKE

Mwandishi anaitwa Euphrase Kezilahabi. Alizaliwa mwaka 1944 katika kijiji cha Namagondo, kisiwa cha Ukerewe, Tanzania. Ukerewe iko ndani ya Ziwa Viktoria, na hakuna kisiwa kikubwa kuipita katika ziwa lile. Mtu akitaka kwenda mji mkubwa wa Mwanza ni lazima apande meli. Sisi tunaoishi kando ya Lualaba, na hasa wenzetu wa Alunguli wanaovuka kila asubuhi kuja masomoni, tunajua maana ya kuishi upande mmoja wa maji na kuona maisha upande mwingine.

Rosa Mistika ndiyo hadisi ndefu ya kwanza ya Kezilahabi. Ilichapishwa mwaka 1971, naye hajatimiza miaka 30. Nyuma yake aliandika Kichwamaji, Dunia Uwanja wa Fujo, Gamba la Nyoka na vingine, pamoja na mashairi. Alifundisha katika chuo kikuu cha Dar es Salaam, halafu kule Botswana. Alikufa mwezi wa kwanza mwaka 2020. Mwaka 2025, zaidi ya miaka 50 tangu kitabu kitoke, tafsiri yake ya Kiingereza ilichapishwa Marekani. Basi si kitabu cha kutupa.

Kilipotoka, kilizuiliwa kwa muda katika shule za Tanzania. Wakubwa waliona mambo ya mwanamume na mwanamke yameandikwa wazi mno. Baadaye kiliruhusiwa na wanafunzi wakakisoma. Hata hapa kwetu kulikuwa na shaka. Mzazi mmoja alikuja kulalamika kwamba tunasoma kitabu cha uasherati. Bwana Prefe alikichukua, akakaa nacho siku mbili, akaturudishia. Alisema: « Someni, lakini msiruke kurasa. Mwenye kuruka kurasa ndiye anatafuta ubaya. » Hatukuruka.

2. JINA LA KITABU

Wengi waliuliza: « Mistika » ni jina la ukoo? Hapana. Rosa Mistika ni maneno ya Kilatini, maana yake ni ua la waridi la fumbo. Wakatoliki wanamwita Maria, mama yake Yesu, kwa jina hili katika litania yao. Sisi Waprotestanti hatuna sala hiyo, ndiyo sababu jina lilitupita juu ya kichwa. Lakini tukishalijua, kitabu kinafunguka. Mtoto mwanamke amepewa jina la bikira, jina safi kabisa, halafu watu wote wanamtazama kama jina lile na si kama mtu. Siku wanapoona kwamba ni mtu, hawamsamehe.

3. HABARI KWA UFUPI

Zakaria na Regina wanakaa Namagondo, kijiji kile kile alichozaliwa mwandishi. Rosa ni mtoto wao wa kwanza, na nyuma yake wako wadogo wake, kati yao Flora, Honorata na Stella. Zakaria ni mlevi. Anapenda pombe kuliko nyumba yake, na anampiga bibi yake. Regina ni mama mpole, mwenye kuvumilia na kuomba Mungu. Yeye ndiye anaibeba nyumba.

Zakaria iko na sheria moja kwa watoto wake wanawake: wasionekane na vijana wanaume. Kijana mmoja anayeitwa Charles anamwandikia Rosa barua. Zakaria anaipata ile barua, na Rosa anapigwa kipigo kikali.

Rosa ni mwenye akili. Anachaguliwa kwenda Mwanza, katika shule ya wasichana inayoitwa Rosary. Mwanzoni anawaogopa wanaume, kama alivyofundishwa. Lakini huko papa hayuko. Deogratias, mtu mzima mwenye cheo cha serikali, anampata. Tangu siku ile Rosa anaanza kutembea na wanaume, mmoja nyuma ya mwingine. Anakwenda Morogoro kujifunza ualimu, na huko ubaya unazidi. Hata wakubwa ambao wangemchunga hawamchungi. Anatoa mimba. Halafu anarudi kwao, anataka kubadilika, na Charles anarudi katika maisha yake. Wanapatana kuoana. Charles anapojua kwamba Rosa si bikira, anamwacha. Rosa anajiua.

Mwishoni mwandishi anawapeleka baba na binti mbele ya Mungu, kila mmoja na maneno yake. Yanayosemwa kule hatutayaeleza. Msome wenyewe.

4. MANENO

Kiswahili cha kitabu si kigeni kwetu. Kiswahili kilifika Maniema katika karne ya 19, pamoja na wafanya biashara waliotoka Unguja na kukaa Nyangwe na Kasongo, mbele ya shule yoyote ya Wazungu kujengwa hapa. Lakini maneno mengine yanatofautiana. Wao wanasema darasa, sisi klasi. Wao daftari, sisi kayé. Wao karo au ada, sisi minervali. Wao mchumba, sisi fiansé. Wao mahari, sisi dote. Wao mwalimu mkuu, sisi prefe. Tena wao wanasema fedha na dhambi, sisi feza na zambi. Ukishayajua haya, hakuna ukurasa utakaokushinda.

5. MAHALI PA BARUA

Tangu ukurasa wa kwanza tulimchukia Zakaria. Tulimcheka na kumlaani. Wengine walisema: « Huyu ni kama jirani yetu akishakunywa lotoko. » Tulifurahi kuwa na mtu mbaya ambaye si sisi.

Halafu tukafika mahali pa barua. Aliyekuwa anasoma siku ile ni mmoja wa komite ya wanafunzi. Alisoma mistari kama kumi, akanyamaza. Tulifikiri kwamba ukurasa umepasuka. Akasema pole pole: « Ndugu, hii ni sisi. » Hakuna aliyemuuliza maana yake. Wote tulijua.

Ninyi pia mnajua, lakini afazali iandikwe. Mwezi wa pili sisi wa komite tulitumwa kuangalia kayé katika klasi moja, juu ya habari ya kopi katika interogasio. Ndani ya kayé ya binti mmoja tulikuta barua iliyokunjwa. Haikuwa kopi. Kazi yetu ilikuwa kuirudisha palipokuwa, au kama tulikuwa na shaka, kuipeleka kwa Mama mwalimu anayesimamia wasichana. Hatukufanya hivyo. Asubuhi ya kesho yake, watu wakiwa kwenye mistari mbele ya bendera, barua ilisomwa kwa sauti. Watu walicheka. Walimu walipofika, ilikuwa imekwisha kusomwa.

Mwenye kusoma alikuwa mtu mmoja. Lakini wengine tulisimama kando yake, na hakuna aliyemshika mkono. Kwa hiyo hatuandiki « mmoja wetu ». Tunaandika « sisi ».

Binti yule alichukua sakoshi yake akatoka. Hakuomba ruhusa, na hakuna mtu aliyemzuia. Kindu ni mji mkubwa, lakini kwa habari ya namna hii ni kama ua wa nyumba moja: mbele ya saa sita papa yake alikuwa amesikia. Alimpiga. Akasema hatalipa tena minervali ya mtoto wa kumtia haya. Majuma matatu kiti chake kilikaa bure. Na sisi, tuseme kweli, tulisema: « Ni kosa lake. Nani alimwambia apokee barua? »

Zakaria tuliyemchukia alikuwa amevaa shati jeupe na suruali ya bleu. Alikuwa na uniformu yetu.

Siku ile ya posho hatukuendelea kusoma. Tulimwendea Mama mwalimu, tukamwomba aende nasi. Tulikwenda watano, tukapewa viti chini ya mwembe. Papa ya yule binti alitusikiliza mpaka mwisho. Tulisema: « Papa, sisi ndio tulikosa. Tumekuja kuomba musamaha kwako na kwake. » Alinyamaza muda mrefu. Halafu alisema kwamba alimpiga mtoto kwa sababu ya haya, na ile haya sisi ndio tuliileta kwake, tuliibeba kutoka shuleni na kuitua mlangoni pake. Hakupaza sauti. Tungependa angepaza.

Nyuma ya Pasaka binti alirudi masomoni. Hatusemi kwamba mambo yamekwisha. Hazungumzi na sisi, na ni haki yake. Mbele ya kuandika haya tulimwuliza, kwa njia ya Mama mwalimu, kama anaruhusu. Aliruhusu kwa masharti mawili: jina lake lisiandikwe, na neno lolote la barua lisirudiwe. Tunayashika yote mawili.

6. MABISHANO YETU: NANI ALIMPOTEZA ROSA?

Siku za posho tatu za mwisho tulibishana juu ya swali hili. Tunaandika hapa pande zote, ili kila mtu apime.

Upande wa kwanza ulisema ni Zakaria. Ulinzi wake ulikuwa fimbo tu. Hakumfundisha Rosa mwanaume ni mtu wa namna gani, wala namna ya kusema hapana, wala namna ya kujua kijana mwema na mbaya. Alimfunga kama mbuzi kwa kamba. Mbuzi aliyefungwa siku zote, siku kamba inakatika hajui njia. Anakimbia mpaka shambani kwa watu. Wenzetu wengine walimtetea Zakaria kwa methali: samaki mkunje angali mbichi. Mwalimu wetu aliyekuwa anasikiliza akajibu kwamba methali imesema kukunja, haikusema kuvunja.

Upande wa pili ulisema ni Rosa mwenyewe. Iko wasichana wengi wenye papa mlevi, na hawakufanya kama yeye. Alikuwa na akili, alijua mema na mabaya, na alijua machozi ya mama yake. Tukisema kila kosa ni la papa, basi hatuna haja ya kujifunza lolote, tungoje tu papa wema. Neno hili lilisemwa na msichana wa pedagojia, na lina nguvu. Sisi hatukuweza kulitupa. Rosa alikosa. Lakini kukosa ni kitu kimoja, na kukosa mahali pa kurudia ni kitu kingine. Alipotaka kubadilika, nani alimfungulia mlango?

Upande wa tatu ulisema ni wanaume. Deogratias hakuwa mtoto. Alikuwa na kazi, feza na heshima, na Rosa alikuwa mwanafunzi. Kisha Charles. Hapa vijana wanaume walipata tabu sana. Charles anamwacha Rosa kwa sababu si bikira. Msichana mmoja mdogo, ambaye hajasema neno siku zote tisa, aliinua mkono akauliza: « Na yeye Charles, nani alimwuliza? Bikira ni neno la wanawake peke yao? » Tulitazamana. Kijana mmoja akajibu: « Mila ndiyo inasema hivyo. » Binti akasema: « Basi mila ilimwua Rosa. » Tulikumbuka habari iliyo katika Injili ya Yohana, sura ya 8, pale watu wanapomleta mbele ya Yesu mwanamke aliyefumaniwa. Wamemleta yeye peke yake. Mwanaume alikuwa wapi?

Upande wa nne, nao ulikuwa mdogo, ulisema hata Regina. Hapa mama mmoja anayepika shuleni, aliyekaa mlangoni na kazi yake ya kuchambua mchicha, alikasirika. Akasema: « Mwacheni huyo mama. Mtu anayepigwa mwenyewe atamlinda nani? » Tulinyamaza, kwa sababu ni kweli. Uvumilivu wa Regina ndio ulilisha watoto. Lakini nyuma tulijiuliza pole pole: mtoto mwanamke anayemwona mama yake akinyamaza kila siku, atajifunza wapi kusema? Hatumlaumu Regina. Tunasema tu kwamba nyumba yenye fimbo inafundisha kila mtu ndani yake, hata asiyepigwa.

7. TULIVYOFIKIRI SISI

Hatukupiga kura, maana kitabu si uchaguzi. Lakini neno moja wengi walilikubali, nalo ndilo tunataka mshike: woga si malezi.

Woga unamlinda mtoto pale papa anapomwona tu. Mtoto akivuka maji, woga unabaki ng'ambo pamoja na papa. Rosa alipopanda meli kwenda Mwanza alichukua nguo zake na akili yake, lakini hakuwa na kitu kingine cha kumsaidia, juu ya woga peke yake ndio alipewa. Sisi wengi mwaka ujao tutavuka. Wengine watakwenda Kisangani, wengine Bukavu, wengine Kinshasa, wengine watabaki hapa lakini bila mwalimu wa kuwahesabu asubuhi. Kila mmoja ajiulize: nimefundishwa, ao nimeogopeshwa tu?

Mtume Paulo, katika barua kwa Waefeso, sura ya 6, anawaagiza watoto kuwatii wazazi. Mstari huu tunausikia mara nyingi. Lakini haishii hapo. Katika mstari wa 4 anawageukia akina baba, anawakataza kuwakasirisha watoto wao, na kuwaambia wawalee kwa mafundisho. Mistari ile inakaa pamoja katika sura moja, basi isomwe pamoja.

8. MAFUNDISHO

Kwa papa na mama. Tunawaheshimu, na hatuandiki ili kuwafundisha kazi yenu. Tunaomba jambo moja: mzungumze nasi. Ukikuta barua, uliza mbele ya kupiga. Pengine ni jambo baya kweli. Hapo ndipo mtoto anahitaji papa zaidi, na akishapigwa hatakuja tena kwako. Atakwenda kwa mtu mwingine, na yule mtu mwingine anaweza kuwa Deogratias.

Kwa wasichana wenzetu. Jina zuri halimlindi mtu. Jueni mwili wenu, jueni sheria, mjue namna ya kusema hapana kwa mtu mkubwa. Sheria ya tarehe 10 Januari 2009 ya kulinda mtoto inasema kwamba aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, na inakataza kumwozesha. Na sheria ya tarehe 20 Julai 2006 inamhesabu mtu mzima anayelala na mtoto wa chini ya miaka 18 kuwa amemnajisi, hata kama mtoto alisema ndiyo. Zawadi, simu na feza ya minervali havibadilishi sheria. Tena, aliyekosa asifikiri kwamba amekwisha. Rosa alikuwa mwalimu, mwenye akili, mwenye maisha mbele yake. Mwenye uzito moyoni asikae nao peke yake. Amwendee Mama mwalimu, ao mchungaji, ao yaya wake, ao rafiki mmoja anayemwamini. Na rafiki akiambiwa asicheke.

Kwa vijana wanaume. Kabla ya kudai kwa fiansé wako jambo fulani, jidai wewe kwanza. Na barua ukiiandika, iandike ya namna ambayo haitamletea mtu kipigo. Kama huwezi kumsalimu binti mbele ya papa yake, ngoja mpaka uweze.

Kwa walimu wetu. Tunashukuru kwa wale waliokaa nasi siku za posho bila kulipwa. Sisi wa pedagojia tutakuwa walimu kama Rosa alivyokuwa. Kitabu kinaonyesha mwanafunzi aliyezungukwa na wakubwa, na kati yao wote hakupata mmoja wa kumwambia shida yake. Tusaidieni ili hapa kwetu kila mwanafunzi awe na angalau mmoja.

Kwa komite itakayofuata nyuma yetu. Sisi tunamaliza. Tumepatana jambo moja na Bwana Prefe, nalo limeandikwa katika kayé ya komite: mkuu wa wanafunzi hafungui barua ya mtu. Akiikuta, anairudisha. Akiwa na shaka, anaipeleka imefungwa kwa Mama mwalimu, na haizungumzi kwa mtu mwingine. Tunawaomba msifute mstari ule. Ulitugharimu, na ulimgharimu mwenzetu zaidi yetu.

9. MASWALI YA KUZUNGUMZA KLASINI

a) Zakaria aliwapenda watoto wake ao hapana? Toa sababu kutoka ndani ya kitabu.

b) Kama Zakaria angemwita Charles nyumbani na kuzungumza naye, mambo gani yangebadilika? Mambo gani yasingebadilika?

c) Eleza tofauti kati ya kumlinda mtoto na kumfunga.

d) Kwa nini mwandishi alichagua jina Rosa Mistika? Lingekuwa jina lingine, kitabu kingepoteza nini?

e) Charles alikuwa na haki ya kumwacha Rosa? Wavulana wajibu kwanza, halafu wasichana, bila kukatana maneno.

f) Shule za Tanzania zilifanya vema kukizuia kitabu hiki, ao kukiruhusu baadaye? Wewe ungefanya nini kama ungekuwa prefe?

g) Andika ukurasa mmoja: barua ya Regina kwa Rosa aliye Mwanza. Hatutazisoma kwa sauti ila mwenye kuandika akitaka.

10. NENO LA MWISHO

Wengi wanatuuliza kitabu kiko wapi ili wakisome peke yao. Hakiko katika kabati. Juma lililopita mtoto mdogo wa shule ya msingi alikuja mlangoni kwetu akasema ametumwa na yaya wake kukiomba. Tulikifunga katika gazeti ili kurasa zisitoke, tukampa. Hatukuweka tarehe ya kurudisha.

Kwa hiyo msitusukume. Karatasi ya zamu iko ukutani karibu na ofisi ya Mama mwalimu. Andika jina lako chini ya yale mengine, na ungoje. Kitabu kitarudi kikishamalizika kusomwa.

Ni sisi,
Komite ya wanafunzi, wafinalisti
Kindu